Nyumba ya Chini Iseme Kwanza

Bwera, Wilaya ya Kasese,
Uganda.
9 Juni 2014

Mpendwa mwanangu Bright,

"Udongo wa Bwesumbu umeshikiliwa na wananchi wameridhika." Ndivyo alivyoandika mwenzako Arinaitwe katika tathmini ya mradi wenu wa mitaro, nami nitamjibu. Lakini kwanza hali yako. Kile kikohozi kimekuachia? Immy na watoto wanaendeleaje huko Nairobi? Sisi tunapumua. Zaidi ya hapo nisikudanganye.

Shangazi yako Feresita tulimzika kule Bwesumbu, Jumamosi ya tarehe 24 Mei. Hukuweza kufika, sikulaumu. Kwenye simu ulisema kilichomuua ni mvua. Sivyo.

Wewe ulizaliwa hapa, unajua desturi yetu. Mtu akichimba mtaro mpya mlimani, hatuusifu hadi mvua kubwa inyeshe. Kisha watu wa kilima kizima wanashuka pamoja, shamba kwa shamba, na anayesema kwanza ni mwenye nyumba ya chini kabisa, kwa sababu kila linalofanywa juu humfikia yeye. Hiyo ni tathmini, Bright, hata kama haina jina la Kizungu.

Arinaitwe alikuja mvua zikiwa bado za manyunyu. Alisimama juu, gari linapofika, akawauliza watu wa juu, ambao mitaro iliwatunzia mashamba vizuri. Feresita alipanda kumtafuta. Alimweleza kwamba chemchemi iliyokuwa karibu na jiko lake imehamia nyuma ya migomba, na inatoa tope. Kijana akamjibu kwamba hayo ni masimulizi, na masimulizi si takwimu. Shangazi yako akamtazama miguuni. Watu walianza kucheka kabla hajafungua mdomo.

"Hiyo viatu yako ndiyo inakataza kushuka, mwanangu? Maji imehama. Udongo iko nyuma yake."

Hakushuka. Mvua zilipokuja, mitaro ilijaa ikaulowesha mlima kwa ndani, na ubavu mzima ukaporomoka, ukamfukia Feresita akimenya mihogo. Jirani yake Vasta alifukua kwa mikono mpaka kucha zikang'oka.

Juzi sokoni Mpondwe nilimnunulia Feresita chumvi. Nilikuwa nimeshaitia mfukoni ndipo nikakumbuka.

Sasa nasikia ofisi yenu inakiita kifo chake bahati mbaya ya hali ya hewa, na mitaro ya namna ileile itachimbwa ng'ambo ya mto, juu ya nyumba ambayo Vasta amehamia na watoto wake. Vitabu vya mabwana wa takwimu nimevisoma, vingi kuliko Arinaitwe. Hakuna hata kimoja kinachosema anayeumia aulizwe mwisho. Hao wananchi walioridhika ni akina nani? Waliobaki na udongo wao, au aliyefukiwa nao?

Baba yako anakusalimu. Ithungu, binti wa marehemu, naye anakusalimu. Mungu awalinde nyote, akupe na moyo wa shangazi yako, ambaye hakuogopa cheo cha mtu.

Haya yanayofuata wasomee wote mnaoketi meza moja na Arinaitwe. Msitie saini tathmini hiyo. Simamisheni mitaro ya ng'ambo. Njooni mvua ikishanyesha, teremkeni kwa miguu hadi mwisho, na Vasta aseme kabla yenu.

Wako akupendaye,
baba yako mdogo,
Yosamu