Gereji Inayotupa Sauti ya La

Dada Zuhura,

Shikamoo, kutoka kwa mdogo wako aliyechoka masikio. Joto la Bujumbura linapandisha sauti ya klarineti yangu na kulegeza nyuzi za fidla, kwa hiyo kabla ya kupiga tunasubiri obo, ile zumari nyembamba, itoe sauti ya la, ile ya sita katika do-re-mi, na sote tuifuate kulinganisha ala zetu. Leo wapiga fidla hawakuifuata! Ukumbi wetu hapa Buyenzi umepakana na gereji, na mashine ya kukatia chuma ilikuwa ikilia la yake, juu kidogo ya ile ya obo, bila utamu wowote, ukali mtupu. Wote wakaifuata hiyo.

Nikatoka na hasira zangu, nikamwomba fundi aizime.

"Apana shida, kaka, mi nazima."

Tukaanza upya. Masikio yalishazoea mashine, kila fidla ikashika njia yake, na onyesho ni kesho. Unajua kiongozi wetu alifanya nini? Alinituma nikaombe iwashwe tena!

"Si we ulisema nizime?" fundi akacheka. "Sasa munataka nini?"

Nabusu mikono yako, dada. Kesho meno yakikuuma huko Tanga, ujue ni sisi, na tumelingana vizuri kabisa na ile mashine.

Mdogo wako,
Bakari