Dereva Mwenye Pumba Masikioni

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimewapiga bao! Mtu kagongwa na mtumbwi — barabarani. Ulifungwa juu ya gari, ukachomoka. Karani mwenzangu alitaka kumpeleka kwenye ajali za majini! Mimi nikapiga simu, nikauliza, nikampa namba yake sahihi. Hapa kumbukumbu za hospitali kila ajali ina namba. Hizi za magari, mwishoni tano ni dereva, sita abiria, tisa haijulikani. Miaka sita sijaandika tisa hata moja. Wananiita Hakika. Si majivuno. Haya, ni majivuno.

Jumanne, 4 Machi

Wazazi wangu wamepata ajali! Pikipiki ya matairi matatu, ile ya mizigo, magunia ya pumba nyuma, imegonga ng'ombe. Wazima, Mungu mkubwa. Mama kavunjika vifundo vyote viwili vya mikono, Baba kaumia kiuno tu. Eti Baba ndiye aliyekuwa akiendesha. Baba! Miaka thelathini na moja ya lori, hajagonga hata kuku.

Jumatano, 5 Machi

Mafaili yao yamefika mezani kwangu. Daktari kaandika: mume, dereva. Pumba za mahindi kichwani na masikioni. Nikasoma tena. Magunia ya pumba si yalikuwa nyuma? Dereva gani huyo! Na mikono ya Mama ni ya mtu aliyeng'ang'ania usukani.

Nikamfuata Baba wodini. Kanishika mkono. Mwanangu, acha ilivyo. Mama yako ana wiki mbili tu za kujifunza kuendesha, mtaa mzima utamcheka. Mimi nimeshazeeka, wacha wanicheke mimi.

Sifa ya miaka thelathini na moja, kaitoa hivihivi.

Alhamisi, 6 Machi

Mkaguzi anakuja kesho. Nikiandika Baba dereva, nimedanganya. Nikiandika Mama, nimemvua Baba nguo.

Nimeandika tisa. Tisa mbili! Mwenzangu kaona. Kakohoa tu.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika hapahapa mezani, haraka. Mkaguzi kafungua mafaili ya ajali, kazikuta zile tisa. Kauliza kama Hakika ndiye mimi. Sijajibu, mara dirishani — Mama! Plasta mikono yote miwili. Nyuma yake Baba anachechemea, anamsihi warudi wodini.

Wapi! Nesi kamsomea faili, na Mama kawaka. Nani kasema anaona haya? Kaendesha kilomita tatu, kona zote, magunia nyuma na mume juu ya magunia! Ng'ombe ndiye aliyevuka bila kuangalia! Dereva ni yeye Mama, aandikwe hivyo!

Mkaguzi kauliza huyu mama ni nani. Nikasimama. Dereva, nikasema. Na ni mama yangu. Sijawahi kutamka neno kwa raha kama hiyo.

Daktari kaja kurekebisha, anataka sahihi ya Mama. Mikono haishiki kitu. Mama kamgeukia Baba: mume wangu, niandikie wewe — dereva mimi, abiria wewe.

Baba kachukua kalamu. Kaishikilia juu ya karatasi, midomo inamcheza. Kisha kaandika, polepole: mke, dereva; mume, abiria.