Niliyemwita Kutoka Ufukweni

Mume wangu mdogo, mjukuu wangu Elia,

Nakusalimu kutoka hapa ugenini Tensta. Giza linaingia mapema na miguu yangu imevimba tena. Mama yako anafanya zamu mbili, na mdogo wako bado ananijibu kwa Kiswidi, namwelewa nusu.

Umeniuliza kwa nini sikufurahia picha zako ukizamia baharini huko kwenye visiwa vya Indonesia, mtungi wa hewa mgongoni. Ni kwa sababu uliandika kwamba mikondo ya huko ina nguvu.

Nilikuwa na kaka, Yosefu. Siku moja tulikuwa tunafua nguo kwetu Uvira, pale mto unapoingia ziwani. Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Kitenge cha mama kilinitoka mkononi, naye Yosefu akaogelea kukifuata. Mkondo ukamshika. Nikasimama mchangani nikipiga kelele, "Rudi! Njoo hapa nilipo!"

Alinisikia. Akageuka, akaja moja kwa moja kwangu, akishindana na maji mpaka mikono ikamwishia nguvu. Wavuvi walisema baadaye kwamba angekata pembeni tu, sambamba na ufukwe, mkondo ungemwachia.

Hakuna aliyenilaumu, maana sikumwambia mtu kwamba nilimwita. Wewe ndiye wa kwanza.

Kila Jumapili kwenye simu nakwambia urudi nyumbani. Kuanzia leo nimeacha. Mkondo ukikushika, mwanangu, kata pembeni, utokee popote utakapotokea. Usimtazame anayekuita, hata kama ni mimi.

Bibi yako,
anayekungoja kimya