Sindano Iko Kwenye Kilemba Changu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na unisome mpaka mwisho kabla hujanijibu kwa sababu mimi si mtu wa kuombaomba, watoto wangu nimewalea wote bila kumgongea jirani mlango hata kwa chumvi, na kama si hii sindano inayonichoma kichwani sasa hivi ninavyoandika nisingekupotezea karatasi. Mwandiko utauvumilia. Shule niliiacha mapema, lakini kusoma najua na kuandika najua, na wewe nakusoma kila nikipanga foleni ya maji, pale ukutani mnapobandika gazeti lenu, na mara nyingi naona unawabembeleza watu wazima wanaohitaji kufokewa. Mimi usinibembeleze. Ila jina langu usilitaje.

Sasa sikiliza. Tangu mambo yaharibike, umeme uzime, meli ziache kuja na marobota ya mitumba yaishe sokoni, nyumbani kwangu tumevaa kila kitu kilichokuwa kinaning'inia. Mwanangu suruali yake ni pazia la benki. Mimi gauni langu la kushindia ni kitambaa cha miavuli, mvua ikinyesha nakauka kabla ya watu wote. Wajukuu wangu wawili wa kike wanalingana kimo na wana gauni moja, mmoja akitoka mwenzake anabaki ndani amejifunga shuka, anachungulia dirishani, ananiuliza, "Bibi, dada anarudi saa ngapi?" Anayesubiriwa hapo si dada. Ni gauni.

Na cherehani ninayo! Ya kukanyaga kwa mguu, chuma kitupu, nzito kama ng'ombe, umeme haiujui. Mtaa mzima ndiyo hiyo tu. Lakini sindano zake zilivunjika moja baada ya nyingine mpaka ikabaki moja, na macho yangu siku hizi hayalioni tundu lake, kwa hiyo anayeshona ni mkwe wangu, mke wa mwanangu. Huyu alifanya kazi kiwanda cha nguo miaka na miaka, nikasema nimeletewa fundi. Fundi wapi! Kumbe kule kiwandani kila mtu alikuwa na kipande chake, na chake yeye kilikuwa mifuko. Mifuko ya shati, basi. Mwambie ashone shati, anakuuliza, "Mama, sehemu gani?" Kwa hiyo kila tundu la nguo nyumbani kwangu aliliziba kwa mfuko, ndicho anachokijua, na mfuko wake umenyooka kama umepigwa rula, sisemi uongo, lakini mwanangu sasa ana mifuko magotini na mwingine makalioni, na watu wa foleni wanamwita Baba Mifuko, wanamuuliza, "Huko nyuma umeweka akiba?"

Hapo ndipo kichwa changu kilipofanya kazi, na nataka uandike kwamba ni kichwa changu. Nilikuwa kwenye foleni, mbele yangu mzee mmoja amevaa gunia, anajisifu kwamba kiwandani alikuwa anashona kola, kola tu, na hakuna kola yake iliyowahi kurudishwa. Nikamwambia, "Wewe na kola zako, mbona shingo yenyewe iko wazi kama ya bata?" Watu wakacheka. Mama mmoja nyuma akasema yeye alikuwa mikono. Dada mwingine akasema yeye vifungo. Nikawatazama hao watu, moyo ukanipasuka kwa furaha, nikasema, nyie mna akili kweli? Shati liko hapa hapa, limesimama vipande vipande linasubiri maji! Kesho asubuhi wote kwangu, na kila mtu aje na kitambaa na uzi alio nao!

Mshauri, walikuja. Uzi tuliufumua kwenye viroba vya unga, vifungo tulivikata kwenye ndoo mbovu, kitambaa kilikuwa mapazia ya ofisi, upande mmoja umepauka kwa jua. Mzee Kola, ndivyo tulivyomwita, akakaa kwenye cherehani, akanyanyuka, akakaa mama wa mikono, akanyanyuka, akakaa mkwe wangu na mfuko wake mmoja, safari hii mahali pake, kifuani. Walipishana kwenye kile kiti kama wateja wa kinyozi. Mimi nilishika mkasi na kufoka. Na jua halijafika utosini, shati likatoka! Shati zima! Mikono miwili, kola imesimama, vifungo vinafunga! Mwanangu akalivaa, akazunguka ua mzima kama bwana harusi, vigelegele mpaka majirani wakapanda ukuta kuangalia. Mama wa mikono alilia. Mimi nilicheza. Na goti langu hili bovu, nilicheza, na hata leo nikilikumbuka lile shati mwili unanisisimka.

Basi katikati ya furaha yangu Mzee Kola akapanda juu ya ndoo, akapaza sauti, "Jamani! Jumamosi tunaibeba hii mashine mpaka ukumbi wa kiwanda! Kuna meza ndefu, kuna mwanga, tutauvisha mji mzima!" Wote, "Ndiyooo!" Na mkwe wangu naye, "Ndiyooo!" Hakuna aliyenigeukia akasema, Bibi, unasemaje. Cherehani yangu, ua wangu, wazo langu! Halafu nikaona pembeni Mzee Kola ameleta turubai la lori, anasema tuanze na mabegi. Turubai! Kwa sindano iliyobaki moja! Nikaiona imeshavunjika, cherehani imeshakwenda, na wajukuu wangu wanazeeka na gauni moja.

Kwa hiyo walipokuwa wanapokezana shati kulipapasa, nikalegeza skrubu, nikaichomoa sindano, nikaichomeka kwenye kilemba changu. Waliporudi kwenye mashine nikawauliza, "Sindano mmeipeleka wapi?"

Ndiyo, nilisema hivyo. Tangu hapo ua wangu umekuwa machimbo. Wanakuja kila asubuhi, wanapiga magoti, wanachekecha mchanga kwa chekeche la unga, na Mzee Kola ameivunja spika ya redio yake akatoa sumaku, anaiburuta kwa kamba kama anatembeza mbwa. Na aliyekaa mwisho kwenye kile kiti alikuwa mkwe wangu, kwa hiyo maneno yote yamemwangukia yeye, eti hakukaza, eti ana mikono ya siagi, na yeye mwenyewe ameamini. Mume wake hamsemeshi. Chakula hali. Jana amekuja kunipigia magoti, mimi, ananiambia, "Mama nisamehe, nimewavua watoto nguo." Nikaitikia kwa kichwa, sindano ikanichoma.

Sasa nifanyeje? Nikiitoa wataibeba cherehani, na nitaonekana mwizi wa mali yangu mwenyewe. Nimefikiria kuidondosha mchangani ili sumaku iipate. Nimefikiria kusema nimeota iliko. Nijibu haraka, Jumamosi hiyo inakuja, na usinizungushe.

Mimi, mwenye cherehani.

*

Bibi, shikamoo. Umesema nisikubembeleze, kwa hiyo heshima yangu nimeimaliza hapo kwenye salamu.

Hongera kwanza, maana hongera unaistahili. Shati hilo nimeliona. Mwanao alipita nalo hapa, nikatoka kwenye foleni kwenda kuishika ile kola, nikapoteza nafasi yangu na wala sijutii. Mtu kuvaa shati jipya, siku hizi! Wazo lilikuwa lako na nimeliandika, wote wasome. Na hofu yako haikuwa ya kijinga. Turubai lingeimaliza hiyo sindano kabla ya mshono kufika mwisho. Na mtu anayepanga kubeba cherehani ya mwenzake bila kumuuliza mwenyewe amekosa adabu, hata kama kola zake hazijawahi kurudishwa. Mzee Kola, ukifika hapa, ni wewe.

Lakini Bibi! Mdomo ulikuwa nao. Mdomo huohuo uliomwambia mtu mzima ana shingo ya bata mbele ya foleni nzima. Ulishindwaje kusema "haitoki"? Neno moja lingetosha, na wangekaa chini. Badala yake umemtwika mkwe wako mzigo usio wake, mwanamke aliyeziba matundu yenu wote kwa hicho kidogo anachokijua mpaka mkaweza kutoka nje. Anakupigia magoti, wewe unaitikia kwa kichwa! Unaogopa kuitwa mwizi? Mimi ningeogopa hilo la mkwe.

Na hizo hila zako zikunje uziweke. Ukiidondosha, mjukuu ataikanyaga kabla ya sumaku, au itapinda, na hapo ndipo mtakapovua nguo kweli. Za ndoto usinichekeshe.

Sasa kuna jambo hulijui. Fundi saa, yule mwenye kibanda nyuma ya pampu, alikuja hapa kwetu kuuliza kama kuna mtu yeyote ana sindano ya cherehani. Nikamwambia zilizovunjika zitapatikana. Akasema hapana, anataka nzima, maana zikivunjika huvunjikia kwenye tundu, na tundu ndilo anataka kulipima. Waya mgumu anao, na kekee ya kutoboa vitu vidogo anayo. Anakosa mfano tu. Hajaahidi, amesema atajaribu. Lakini umeelewa, Bibi? Unaificha ili ibaki moja, na kwa kuificha ndivyo unavyohakikisha itabaki moja!

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye leo. Mwite mkwe wako, nyie wawili tu, umwonyeshe ilipo, umwombe samahani kwa mdomo, si kwa kichwa. Kisha mwite mwanao, umwambie ni wewe, aanze kumsemesha mke wake. Kisha toka uani uwaambie waliopiga magoti wanyanyuke, kwamba ulikuwa nayo wewe, na kwamba uliogopa. Watakasirika. Waache. Mzee Kola ameua redio yake, ana haki ya kufoka, na wewe utanyamaza mpaka amalize, ingawa najua utaumia. Halafu watacheka, kwa sababu wanataka mashati kuliko wanavyotaka kukununia.

Wakishacheka, toa masharti yako, kwa sauti ile ya kwenye foleni. Cherehani haitoki uani. Wakitaka meza ndefu, wabebe meza wailete. Turubai lishonwe kwa mkono, kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, na mwenye haraka ya mabegi ndiye ashone. Na kazi ya siku ikiisha, sindano iende kwa fundi saa ikapimwe, na anayeipeleka ni mkwe wako, mtaa mzima ukimwona.

Jina lako sijalitaja. Lakini cherehani ya kukanyaga hapa ni moja, hata kuku wataelewa. Gazeti linabandikwa kesho kabla ya ndoo ya kwanza kujaa, ndiyo maana nakutumia nakala hii mkononi mchana huu. Afadhali wasikie kwako kuliko wasome kwangu.

Na cha kwanza kushonwa kisiwe begi, wala shati la Mzee Kola. Ni gauni la pili. Usiniambie hakuna anayejua kushona gauni. Shati likirefushwa mpaka chini ya magoti ni gauni, lina kola, lina mikono, lina vifungo, na mifuko wekeni mnayotaka. Mpime yule aliye dirishani.

Vua kilemba, Bibi. Ichomeke mahali pake, kaza skrubu, na umpishe mkwe wako kwenye kiti.