Neno la Kumwambia Mama Mkwe

Jumatatu, 12 Januari
Nimetoka bulanjeri, kwenye tanuri la mikate, asubuhi, unga mpaka kwenye nyusi. Mvua mtaa wetu wote wa Makomeno. Nimeleta mkate wa moto, mke wangu Clarisse amekula nusu. Binti yetu Mwadi alizaliwa Alhamisi. Analia kama tarumbeta. Kila nikipita ninafunua shuka nimwone tena.

Mama mkwe amefika kutoka Mitwaba kumtunza binti yake. Ameishika nyumba: anapika, anafua, anamwogesha mtoto. Asubuhi na jioni anafunga mlango na kumwogesha Clarisse kwa maji ya moto sana, yaliyochemshwa na majani aliyokuja nayo. Mimi ninakaa nje. Kwetu Waluba mkwe ni buko. Simwangalii machoni, sili naye, na nikiwa na neno ninamtuma jirani, Mama Yvonne. Ni heshima. Sijawahi kuona kwamba ni mzigo.

Jumatano, 14 Januari
Clarisse hataki kukaa. Anaegemea upande. Alichanika kidogo wakati wa kuzaa, wakamshona. Anasema mshono unawaka kila baada ya kuoga. Nimemwuliza maji yanafika wapi. Akageuza uso. Halafu akaniambia: anakalishwa juu ya beseni la mvuke, kisha mama yake anamsafisha ndani kwa kitambaa kilicholowa maji ya majani na chumvi. Ndani kabisa. Eti damu ya uzazi isibaki.

Nikatoka nje. Mambo ya wanawake.

Alhamisi, 15 Januari
Kuna harufu. Basi, nimeandika. Clarisse anajua, ndiyo maana amejipaka manukato na hataki nikae karibu. Si harufu ya damu tu. Ni ya kitu kilichooza. Yeye ana aibu, mimi nina hofu. Mama mkwe naye ameisikia. Jioni ameongeza majani.

Ijumaa, 16 Januari
Nimeunguza mikate kazini. Kurudi nyumbani: Clarisse anatetemeka chini ya mablanketi, paji la uso linachoma. Tumbo la chini haliguswi. Anamnyonyesha Mwadi huku machozi yanamtoka. Na pembeni beseni limeshatayarishwa, mvuke unapanda.

Nilikimbia kwa Mama Yvonne. Hayupo, amekwenda Kasomeno kutafuta samaki. Hakuna mwingine wa kumtuma.

Nikasimama mbele ya mama mkwe. Macho kwenye miguu yake.

"Mama, unisamehe. Clarisse iko mugonjwa. Ile maji tuache. Minamupeleka ku maternité sasa hivi."

Akajibu: "Miye nilizala batoto yangu bote na hii majani. Nani alikufa?"

"Mama, iko na homa. Minaogopa atakufa."

Sikukusudia kulia. Nimelia mbele ya mkwe wangu, mwanaume mzima. Miguu yake ikageuka, ikaenda. Nikajua nimeharibu kila kitu. Alirudi amembeba Mwadi kifuani na kitenge cha Clarisse mkononi. "Twende," akasema.

Sage-femme, yaani mkunga, wa maternité, hospitali ya wazazi, ni Mama Régine. Amempima taratibu. Uchafu umeingia kwenye mshono, umepanda mpaka kizazi. Tungezidi kungoja, ungeingia kwenye damu. Wamemdunga sindano, wamemtundikia chupa ya serumu. Amelazwa. Mama yake na Mwadi wamebaki naye. Mimi nyumbani peke yangu. Nimemwaga maji ya beseni uani. Siwezi kula.

Jumapili, 18 Januari
Homa inashuka! Nimekwenda baada ya misa, Clarisse akacheka kwa sababu nina unga sikioni hata Jumapili. Nilitaka kumkumbatia mbele ya watu wote.

Mama Régine ametukalisha mimi na mama mkwe, yeye katikati kama ukuta. Hakumgombeza mtu. "Mama, ndani ya mwanamuke inajisafishaka yenyewe. Ile damu itatoka. Musitie kitu mule: majani, chumvi, sabuni, hapana. Munaosha inje tu, na maji safi ya vuguvugu, kutoka mbele kuenda nyuma."

Mengine niliyoyashika: kunawa mikono kabla na baada ya kubadilisha kitambaa. Kubadilisha mara nyingi, si kungoja kilowe. Vitambaa vianikwe juani, visifichwe chini ya kitanda kwa aibu. Dawa zimezwe mpaka ziishe, hata akijisikia mzima. Homa ikirudi, au harufu, au maumivu ya tumbo, au damu ikizidi, tusingoje hata kidogo. Na mimi nisimguse mpaka apone kabisa na mwenyewe atake. Alilisema hilo mbele ya mama mkwe! Nilitamani sakafu inimeze.

Mama mkwe akauliza neno moja tu. "Na miye nitafanya nini sasa?" Sauti ndogo sana. Iliniuma. Mama Régine akamshika mkono. Uji, akasema. Vitambaa. Mutoto. Na kumulinda alale, asiinuke kwa kila mugeni.

Jumatano, 21 Januari
Nyumbani. Clarisse anatembea polepole, lakini anatembea. Jua limetoka. Mama mkwe ameanika vitambaa kamba nzima, mbele ya majirani. Mama Yvonne amerudi, akauliza hizo ni bendera za nchi gani. Mama mkwe akamweleza yote pale pale uani, kwa sauti ya mtu anayefundisha katekisimu. Binti ya Mama Yvonne ana mimba. Alikuja kusikiliza, akakaa mpaka mwisho.

Ijumaa, 23 Januari
Vidonge vinamchafua Clarisse tumbo. Ametaka kuviacha. Mama yake alisimama juu yake na kikombe cha uji mpaka akameza.

Jumamosi, 28 Februari
Mama mkwe amerudi Mitwaba leo. Tangu siku ile hatukusemezana tena uso kwa uso. Buko imerudi mahali pake na mimi ninaona ni vizuri. Alipokwisha kupanda lori, Clarisse alinijia na neno la mama yake: "Umwambie bwana yako, alifanya muzuri kusema." Sikuinua macho. Nilikunja mikono tu kifuani, nikainama kuelekea lori.

Clarisse amepona. Mama Régine amemwangalia juzi, mshono umefunga, hakuna kitu.

Jioni ameomba tutembee. Tumekwenda mpaka barabara kubwa, Mwadi amelala mgongoni kwake. Tulipokuwa tunarudi, umeme ukarudi mtaani, watoto wakapiga kelele nyumba hadi nyumba. Mwadi hakuamka.