Kikombe cha Akinyi kwa Min Odhiambo

Mama,

Leo nimempima Akinyi mkono mara nne na jua bado halijafika utosini. Sina ule utepe wa zahanati wenye rangi, kwa hiyo natumia uzi wa kushonea wenye fundo. Nauzungusha kwenye mkono wa mjukuu wako, naangalia fundo limefika wapi, naufungua, naenda kuchota maji, narudi, nauzungusha tena. Amechoka nami. Asubuhi alificha mkono nyuma ya mgongo akaniangalia vile ulivyokuwa ukiniangalia wewe nikifagia boma mara ya pili.

Tangu tukuzike sikai. Mwanao Ouma, mume wangu, amerudi kisiwani Mfangano kwenye biashara yake ya samaki, nami nimebaki na mtoto katika nyumba hii. Kabati nimelihamisha mara mbili na bado halijanipendeza. Ulikuwa ukisema, "Nyar Migori, hata kuku hutua." Binti wa Migori: ndivyo ulivyoniita siku nilipoletwa hapa Kendu Bay, na hukuwahi kuniita jina lingine. Basi leo nimejilazimisha kutua nikuandikie, maana nina jambo la kukuambia, na nisipolisema litanipasua.

Nianze na kuku, kwa sababu kuku ndio waliokula.

Unakumbuka. Akinyi alikuwa ameanza tu kula. Nilirudi kutoka kisimani nikakuta umeanika wimbi kwenye ungo nyuma ya jikoni, wimbi lililoota vijimizizi vyeupe. Nilijua ni nini. Baba yangu kule Migori alikunywa hadi shamba letu likaisha, na kila mtungi aliokunywa ulianza hivyohivyo, na thowi, kimea cha pombe ya busaa. Wewe mwenyewe uliwahi kupika busaa kabla ya kuokoka. Kijiji kizima kinajua. Uliniambia ni kijiko kimoja tu kwenye uji wa mtoto, nami nikakataa hata kusikia. Nilichukua ungo wote nikawamwagia kuku. Halafu nikasema, majirani wakisikia, "Mtoto wangu hatalelewa na pombe."

Uliokota ungo, ukaupangusa kwa leso yako, ukaingia ndani. Nami nikadhani nimeshinda.

Akinyi akanenepa. Nilijisifu kanisani kwamba ni uji wangu na maombi yangu. Kila jioni ulikuwa unambeba mgongoni, unasema, "Tunaenda kusalimia watu." Nilifurahi kupata nafasi ya kufua. Sikuuliza ni watu gani.

Kisha ukaugua, ukatuacha, na mtoto akaanza kuwa mwepesi. Mwanzoni nilisema anakulilia. Nikampikia uji wa wimbi mzito, mwiko unasimama wenyewe, akameza vijiko vitatu akageuza uso. Nikauongezea maji, akanywa kikombe kizima, na kabla sijamaliza kuosha sufuria alikuwa analia njaa. Zahanati walimzungushia utepe mkononi. Haukufika kwenye kijani. Ulisimama kwenye njano, na nyekundu ilikuwa pale karibu, nikiiona kwa macho yangu.

Muuguzi akaniambia, "Mama, tumbo ya mtoto ni ndogo kama ngumi yake. Uji ikiwa nzito sana anachoka kabla ashibe. Ukiongeza maji, anajaza maji tu." Akatuita kina mama wote kwenye benchi, akatoa wimbi kwenye kopo. Wimbi lililoota, Mama! Vijimizizi vilevile vyeupe. Likishakauka, akasema, unalisaga, unatia kijiko kimoja kwenye uji mzito, uji unalegea bila maji, unaurudisha motoni kidogo, na mtoto anapata chakula chote. Nami mjinga nikanyoosha mkono: "Sista, na hiyo si ya pombe?" Wanawake walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. "Pombe ni mpaka uichachishe, mama," muuguzi akasema. "Hii ni uji ya mtoto."

Wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu wako alikuwa mgongoni mwangu siku hiyo, na njia nzima hakuwa na uzito wa kunichosha.

Nilijaribu mwenyewe. Niliroweka wimbi, nikalifunga kwenye gunia karibu na meko, nikaenda kulifungua kila nilipopita, kisha nikaogopa kwamba nalisumbua, nikaliacha siku nyingi mno. Likaota ukungu na kunuka. Nikamwaga. La pili nilianika upesi mno, halikuwa limeota hata nusu. Wewe ulikuwa unaingiza tu mkono ndani ya gunia, unajua. Nilikuona ukifanya hivyo siku chache kabla ya ule ungo, na sikuwahi kukuuliza mkono ulikuwa unakuambia nini.

Ni nani mwingine anayejua hapa? Min Odhiambo, mama yake Odhiambo, mpika busaa. Yule niliyekuwa nikimpita bila salamu.

Nilienda mchana, lakini nilipita njia ya nyuma, katikati ya mtama wa watu, maana barabara kubwa inapita mbele ya kanisa na kichwani nilikuwa na kitambaa cha kina mama wa kanisa. Nilisimama mlangoni nikitafuta neno la kuanzia. Hakunisubiri. Alicheka, akasema, "Umechelewa, nyar Migori. Huyu mtoto ni mteja yangu wa zamani."

Sikuelewa. Lakini Akinyi alikuwa ameshaanza kuhangaika mgongoni, amenyoosha mkono kwenye rafu. Pale juu palikuwa na kikombe cha plastiki cha bluu, kimetafunwa mdomo kwa meno madogo.

"Mama yako alikuwa anamleta kila jioni," Min Odhiambo akasema. "Anakoroga uji hapa, mtoto anakula, anampangusa mdomo, wanaenda. Alisema usiambiwe, ati utaumia. Na tangu atuache, mimi nakuona unapita na Biblia, naogopa kukuita."

Mama, nilikasirika. Nakuambia ukweli, sitakuficha kama ulivyonificha. Ulinidanganya machoni pangu, jioni baada ya jioni, na mtoto wangu mgongoni mwako. Kisha nikakaa chini kwenye sakafu ya mpika busaa na kitambaa changu cha kanisa, nikakulilia. Matangani sikulia hivyo. Matangani nilikuwa napika chai ya watu.

Nilikutukana, na wewe ukaendelea kumlisha mtoto wangu. Nisamehe. Nilitaka kulisema hili ukiwa unasikia.

Min Odhiambo alishika mkono wangu akauingiza kwenye gunia lake la wimbi. Ni joto, Mama. Likiwa tayari linakuwa na joto la mtoto aliyetoka kulala. Sasa najua. Lilipokauka tulisaga pamoja, na Akinyi alikunywa kikombe chote akakigonga mezani kutaka kingine. Zahanati tunarudi wiki ijayo. Fundo la uzi sijui kama limesogea au ni macho yangu yanataka lisogee, na ndiyo maana leo nimepima mara nne. Nitapima ya tano nikimaliza kuandika.

Mbegu zako za wimbi bado ziko kwenye kibuyu juu ya meko. Nitazipanda mvua ikinyesha, na Akinyi akikua nitamwambia yote, hata habari ya kuku.

Tua wewe, Mama, umefanya kazi ya kutosha. Kikombe sikukichukua. Kiko palepale kwenye rafu, na kila jioni nitambeba Akinyi twende akanywee huko. Tutapita barabara kubwa, mbele ya kanisa, na atakayeuliza tunaenda wapi nitamjibu tunaenda kusalimia watu.

Mimi wako,
Nyar Migori