Majani Niliyoyapaka Rangi Mbele ya Mtahini

Kwa mume wangu Muthama, Baba Mumo,

Nakusalimu kutoka huku Ujerumani, mimi na koti langu ambalo sasa silivui hata ndani ya nyumba. Mgongo wako unaendeleaje tangu uanze kubeba mawe kwa ule mjengo wa Machakos? Mama yetu, mwaitu, bado anakataa dawa ya presha mpaka abembelezwe? Na mvua, imefika Kathiani ama bado mnatazama mawingu yakipita juu kuelekea Kola? Nauliza kwa sababu nataka kujua, na pia kwa sababu naogopa kufika kwa lile jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mwili wangu ni mzima. Nitangulize hilo, usije ukadhani ni ugonjwa.

Muthama, nimekuwa nikikudanganya. Mwezi wa sita nilikwambia mtihani wa vitendo wa uuguzi umeahirishwa. Haukuahirishwa. Niliufanya na nikaanguka. Kila Jumapili ukipiga simu nacheka, nakuuliza habari za mbuzi, halafu nikikata nakaa kitandani nikishikilia simu kifuani. Kwa simu nimekuwa mwongo. Ndiyo maana naandika kwa karatasi, ambapo siwezi kusikia ukinyamaza.

Kwa mtihani ule wa kwanza nilipewa bibi mmoja wa hapa nyumba ya wazee nimsaidie kuvaa sweta na kupaka mkate siagi. Nikamvalisha mimi. Mkate nikampakia siagi mimi. Nilimfanyia kila kitu, vile ningemfanyia mwaitu. Kumbe huku hilo ni kosa. Mtahini aliandika kwamba namnyang'anya mgonjwa nguvu zake, tena kwamba sikuongea naye. Ni kweli sikuongea. Kijerumani changu kikiona mtu ameshika kalamu, kinakimbia.

Unapewa nafasi ya pili tu. Ukianguka hiyo, masomo yameisha, na kibali changu cha kuishi hapa kimefungwa kwa hayo masomo.

Kwa mara ya pili niliambiwa nichague shughuli ya kufanya na wazee, inayolingana na majira. Nilikaa siku tatu bila wazo. Helga, muuguzi anayetusimamia, ndiye aliniambia, "Mbithe, angalia nje." Nikaangalia. Miti yote ilikuwa imegeuka, mingine myekundu kama udongo wa shamba letu baada ya kulimwa, mingine manjano ya embe lililoiva. Chini barabarani majani yamejaa mpaka mtu hasikii viatu vyake. Huku watu wanatoka na watoto kuyatazama na kuyapiga picha. Mimi moyo wangu ulishtuka kidogo, kwa sababu kwetu miti ya mukau ikitupa majani tunajua ni kiangazi, tunaanza kuhesabu debe za mahindi zilizobaki. Helga akasema tutachora kwa rangi za maji tukitumia hayo majani. Nikaitikia kama mtu anayejua. Wewe unajua mimi sikuwahi kushika brashi. Shuleni tulichora kwa kalamu ya risasi, na mwalimu akakusanya hata hizo kalamu.

Basi nikajifundisha. Kila nikitoka kazini naokota majani, naweka kwa kyondo kile mwaitu alinisukia, naenda nayo chumbani. Jani likikauka sana linavunjika mkononi. Likiwa na umande rangi haishiki. Linalofaa ni lile limeanguka siku hiyo hiyo. Unaligeuza upande wa nyuma, ule wenye mishipa iliyoinuka, unapaka rangi yenye maji kidogo, unalilaza kwa karatasi, unafunika na karatasi nyingine na kusugua na mgongo wa kijiko. Ukilibandua polepole, mishipa yote imebaki, hata ile midogo kama nywele. Halafu unachukua brashi yenye maji matupu na kupitisha pembeni, rangi inatembea yenyewe. Mara ya kwanza ilipotokea vizuri nilipiga kelele peke yangu. Niliharibu karatasi nyingi sana kabla ya hapo. Picha moja ya jani jekundu nimeiweka ndani ya bahasha hii, ni ya Mumo. Mwambie asiilambe, ni rangi.

Maneno pia nilikariri. Brashi, jani, bonyeza, taratibu, unaonaje. Nilikuwa nayasema nikisugua sufuria.

Siku ya mtihani niliwekewa wazee wawili mezani. Mmoja ni Gerda, bibi mwenye mdomo mkali, aliyekuwa mshonaji. Mwingine ni Otto, mzee aliyeendesha treni miaka yote ya kazi yake. Otto alipigwa na kiharusi, na tangu nifike hapa sijawahi kumsikia akitoa neno. Mtahini alikaa kwa kona na karatasi zake. Helga alisimama mlangoni.

Nilianza vizuri, Baba Mumo. Nakwambia ukweli, nilianza vizuri. Nikawasalimu, nikawaonyesha majani, nikamuuliza Gerda anapenda rangi gani. Akasema, "Hizi ni takataka. Mimi nilikuwa nafagia takataka hizi kila asubuhi mlangoni kwangu." Nikacheka, nikamwambia sawa, leo tusifagie, tupake rangi. Hata mtahini alitabasamu. Otto alikuwa ameshika brashi kwa mkono wake usiopooza, anapaka jani kubwa rangi ya chungwa, polepole, ulimi umetoka kidogo nje. Akalilaza mwenyewe. Akasugua mwenyewe. Mimi mikono yangu niliificha nyuma ya mgongo isije ikamsaidia.

Alipolibandua, lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kufanya mimi.

Hapo ndipo Gerda alisukuma meza akitaka kuondoka, na chupa ya maji ikaanguka. Maji yote yalimwagika juu ya karatasi ya Otto. Niliona ile rangi ikikimbia, mishipa ikifutika, mpaka ikabaki doa tu. Otto aliangalia. Halafu akaanza kulia, mzee mzima, analia bila sauti.

Niliyatafuta yale maneno, Muthama. Nilitafuta hata moja. Kichwa changu kilikuwa kitupu kama mtungi. Nikapiga magoti kando ya kiti chake cha magurudumu nikamwambia, "Ndukakie, asa. Ndukakie." Usiogope, baba. Kikamba! Mbele ya mtahini. Nikaendelea tu, kwa Kikamba, nikimwambia karatasi bado iko, rangi bado iko, hakuna kilichokufa. Yeye akaniangalia mdomoni. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Baadaye Otto akanyoosha mkono, akachukua jani lingine, dogo, akalibonyeza juu ya karatasi ile ile iliyolowa. Rangi ikapanda kulizunguka jani kama moshi. Akaliinua, akanionyesha, na akasema, kwa Kijerumani, "Jani."

Helga alilia pale mlangoni. Nami nikamwambia Otto, "Ndiyo, jani," kwa Kijerumani, neno langu la kwanza la lugha hiyo tangu chupa ianguke.

Mtahini aliniita baada ya saa moja. Ni mama wa umri wa dada yako mkubwa, wala hakuwa na ubaya. Alisema, "Bi Mbithe, uko na moyo wa kazi hii. Lakini hukuwa umeweka chupa mahali salama. Ulipitisha muda uliopewa. Na mgonjwa alipokuwa kwa shida, uliongea naye lugha asiyoijua. Kama angekuwa anasongwa na chakula, ungefanya nini?" Akanishika mkono akasema nimeanguka.

Binti ya Otto alikuja akasikia babake amesema neno. Yeye na Helga waliandika barua kwa chuo kuniombea. Jibu lilirudi wiki iliyofuata: wanashukuru, lakini sheria ni sheria. Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi ujao kutoka nchini.

Sijakwambia lililo baya zaidi. Kuna mdada wa kwetu Kenya, Nduku, anaishi mji mkubwa, masaa manne kwa treni. Nilipomweleza aliniambia, "Kuja kwangu. Watu wanakaa hapa bila makaratasi miaka kumi, wanafagia maofisi, wanaishi. Utarudi kwenu na nini? Na aibu?" Jumanne nilifungasha begi nikaenda stesheni. Nilipanga nisikwambie chochote, niendelee kucheka kwa simu Jumapili. Treni ikaja. Nilikuwa nimeshainua mguu. Nikakumbuka Mumo wiki iliyopita alivyokuuliza, nikisikia, "Baba, mama wa kwa simu ako na miguu?" Wewe ulicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini pale stesheni miguu yenyewe ilikataa kupanda. Treni ikaenda. Ikaja nyingine, nayo nikaiacha. Watu wakinipita, mimi nimesimama nalia kama aliyefiwa. Kisha nikarudi chumbani na begi langu.

Kwa hivyo narudi nyumbani. Sina cheti, sina kazi, na sijui nitasema nini kwa mtu yeyote. Nikifikiria kupita sokoni Kathiani, nawasikia wakiniuliza cheti kiko wapi. Nikifikiria wamama wa kanisa walionifungia siku tatu bila kula wakiniombea, natamani ndege ipotee. Kuna asubuhi naamka na sijui kwa nini niamke. Usiogope, sitajifanyia kitu, Helga huja kunigongea na tunakunywa chai. Lakini nimechoka, Muthama, uchovu wa kutoka ndani, na sioni mbele. Kama umekasirika kwa kudanganywa, kasirika. Niandikie matusi ukitaka. Usinyamaze tu.

Nisalimie mwaitu, na umwambie mwenyewe, taratibu, akiwa amekula. Nisalimie dada yako Kalondu, mama wa mapacha, anayenifulia Mumo sare. Nisalimie kakangu Musyoka kule Lukenya kwenye machimbo, na umwombe asije kugombana nawe kwa ajili yangu, kosa ni langu. Pasta wetu mwambie nitamwona nikiweza. Mumo usimwambie siku, asije akaanza kuhesabu.

Jambo moja tu naomba. Nilipoondoka mlinisindikiza mpaka uwanja wa ndege mkiwa basi nzima, na nyimbo, na wazee, na keki. Siku ya kurudi usije na mtu. Wala usivae suti. Kuja na zile nguo zako za mjengo, usimame hapo nje. Nikitoka na nikashindwa kukutazama usoni, usiniulize kitu na usiniambie pole. Chukua begi mkononi mwangu, utangulie, mimi nitakufuata.

Ni mimi mkeo,
Mbithe, mama yake Mumo.